Fuvu Lina Mwenyewe

Hotuba iliyotolewa Moshi, Machi 2025, mbele ya wazee wa koo, viongozi wa dini, walimu na wanafunzi

Waheshimiwa wazee wetu, viongozi wa dini, walimu wenzangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokubali kukaa nyuma ili wakubwa wapate viti: shikamooni, na asanteni kwa kunikaribisha. Mimi ni mgeni kwenu. Nimezaliwa Pangani, katika mji ambao Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani mwezi Desemba 1889, miaka kumi na ushei kabla kamba kama ile haijafungwa hapa mlimani. Mzee aliyenialika aliniomba nizungumze kuhusu usalama na heshima ya mtu baada ya kufa, akaniambia kwa upole wa Kichagga, ambao si mpole sana, kwamba nisije na maneno ya jumla, kwa sababu watu wa hapa wanaye marehemu wao wanayemtafuta.

Nimefundisha Kiswahili na historia kwa muda mrefu, kwa hiyo mtanivumilia nikianzia kwenye sarufi. Mtu akifa, Kiswahili hakimwondoi katika ngeli ya watu. Tunasema marehemu ameacha mjane na watoto wanne, marehemu anazikwa kesho saa nane, marehemu alipenda utani. Hapumui tena, lakini bado anapatanishwa kwa a- na kwa wa-, sawasawa na mimi ninayesimama hapa. Fuvu halimo katika ngeli hiyo. Fuvu limepatikana, limepimwa, limehifadhiwa, limepewa namba. Kati ya marehemu na fuvu kuna herufi chache tu, na katika herufi hizo kuna safari nzima ya mtu aliyetolewa miongoni mwa watu akawekwa miongoni mwa vitu. Kuhusu neno maiti lugha yenyewe inasitasita: wengine husema maiti imeletwa, wengine maiti ameletwa. Zamani nilikuwa nikiwasahihisha wanafunzi wangu kwa kalamu nyekundu. Nimeacha, kwa sababu nimetambua kwamba anayesema ameletwa anajua jambo ambalo kitabu changu cha sarufi kilikuwa hakijalifikia.

Tarehe 2 Machi 1900, pale Tsudunyi, Old Moshi, Mangi Meli mwana wa Mandara, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa kwa amri ya utawala wa Kijerumani, wakati boma la Moshi likiwa chini ya Kapteni Kurt Johannes. Waliuawa pamoja naye viongozi wengine wa Uchagani, Meru na Arusha, jumla yao watu 19, wakiwamo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Huyu ni Meli yuleyule ambaye mwezi Juni 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani hata mkuu wao, von Bülow, akafa vitani, na ambaye mwaka uliofuata alishambuliwa kwa jeshi kubwa zaidi lililoongozwa na Friedrich von Schele, aliyekuja kuwa gavana. Miaka 125 imepita sasa. Familia zimehifadhi kauli iliyopokezana kizazi hadi kizazi: kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Namna alivyokufa sitaisimulia. Mnaijua, na kuna watoto humu ndani, na mimi naamini kwamba sehemu ya kumsitiri marehemu ni kutogeuza dakika zake za mwisho kuwa kionjo cha hotuba.

Ila nitaeleza kilichofuata baada ya kifo, kwa kuwa ndiko wizi ulikofanyika. Tusidhani kwamba vichwa vilichukuliwa kwa hasira ya askari mmoja au kwa ulevi wa ushindi tu. Ilikuwa kazi yenye utaratibu. Katika Makumbusho ya Kifalme ya Ethnolojia ya Berlin alikuwapo Felix von Luschan, mtaalamu mzaliwa wa Austria, aliyetoa miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya maofisa, madaktari wa jeshi na wasafiri walioko makoloni, ikiwaeleza namna ya kukusanya vitu na mifupa na kuituma Berlin. Mifupa ilitoka kwenye miti ya kunyongea, ilitoka hospitalini, ilitoka viwanja vya vita, na mingi, hili tusilisahau, ilitoka makaburini, ikafukuliwa usiku au mchana kweupe huku wenye makaburi wakiwa hawana wa kumlalamikia. Ilifungwa katika makasha, ikasafiri kwa meli, ikapokewa na karani. Karani alichukua wino akaandika juu ya mfupa wenyewe, kwenye paji la uso au kando yake: herufi, namba, pengine jina la mahali, pengine jina la kabila lililokosewa tahajia. Nia yao ilikuwa kupima vichwa ili kuwapanga binadamu kwa daraja. Sayansi hiyo imekwisha kufa na hakuna chuo kinachoifundisha. Mafuvu yamebaki.

Nawaomba sasa tulinganishe. Wazee wa hapa, pamoja na waandishi waliokuja mlimani zamani, wameeleza kwamba katika desturi ya kale ya Wachagga mtu mzima aliyeacha watoto alizikwa ndani ya nyumba yake, na baada ya muda mifupa yake ikatolewa kwa ibada na kuwekwa katika kihamba, yaani shamba la ukoo, penye migomba, mahali palipopandwa masale, mmea wa heshima kwa Wachagga. Kwa hiyo watu hawa walilijua fuvu. Hawakuwa watu wa kuogopa mfupa. Walilishika kwa mikono, wakijua ni la babu yupi, na wakalipa makao penye kivuli, katika ardhi ambayo mjukuu angeirithi. Ninyi mnaopanda mabasi kila Desemba kuja kula Krismasi kwenye kihamba penye makaburi ya wazee wenu mnajua ninachosema, hata kama masanduku na misalaba imechukua mahali pa desturi ile. Basi Mzungu alipotoa fuvu hapa hakulitoa katika takataka. Alilitoa katika makao yake, na kosa lake kubwa kupita kisu na msumeno ni kwamba alilitenga na waliokuwa wakimjua mwenyewe.

Fuvu lina mwenyewe. Hilo ndilo neno nililolileta kutoka pwani, na yote mengine nitakayosema yanatoka humo. Usalama wa marehemu haulindwi na kufuli wala kioo. Makumbusho ya Berlin yalikuwa na kufuli nzuri sana. Unalindwa na kuwapo kwa watu wanaojua huyu ni nani, na wanaoweza kuulizwa: mmemweka wapi?

Kwetu pwani tunasema mwosha naye huoshwa. Mwosha maiti huweka pazia, humfunika marehemu kati ya kitovu na magoti hata kama chumbani wamo wawili tu, humwagia maji kwa taratibu kana kwamba ngozi bado inahisi, na akiona ila mwilini hatoki nje kuisimulia. Katika hadithi za Mtume imepokewa kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Ndugu zangu Wakristo mnakumbuka kitabu cha Mwanzo, Yusufu alipowaapisha wana wa Israeli kwamba siku Mungu atakapowajia wataichukua mifupa yake kutoka Misri, na katika kitabu cha Kutoka tunasoma kwamba Musa aliichukua. Watu waliokuwa wakikimbia utumwa, wenye watoto na mifugo na unga ambao haujachacha, walikumbuka kubeba mifupa. Sijui hoja nyingine iliyo nzito kuliko hiyo kwa mtu anayetuuliza kwa nini tunahangaikia mafuvu ilhali walio hai wana shida zao.

Nije kwenye hesabu. Mwaka 2011 taasisi ya urithi wa utamaduni ya Berlin iitwayo Stiftung Preußischer Kulturbesitz ilipokea kutoka hospitali ya Charité maelfu ya mafuvu yaliyokuwa yamehifadhiwa vibaya kwa miaka mingi. Baadaye wakaanza kuchunguza yale ya Afrika Mashariki, wakishirikiana na watafiti wa huku kwetu. Yalikuwa 1,135. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yanaonyesha kwamba 904 yametoka katika nchi ambayo leo ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya. Machache yaliyosalia hayakuweza kupangiwa nchi. Wingi ule wa Rwanda una sababu: mwaka 1907 na 1908 msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita maeneo hayo, na ndani yake alikuwamo Jan Czekanowski, mtaalamu wa vipimo vya binadamu kutoka Poland, ambaye aliondoka na mafuvu yapatayo elfu moja. Elfu moja, na hapakuwa na vita kati yake na Wanyarwanda. Tena hayo ni ya Berlin tu. Alipofariki von Luschan mwaka 1924, mkusanyo wake binafsi uliuzwa kwa makumbusho makubwa ya historia ya viumbe ya New York, na ndani yake wamo watu wetu. Nimetamka neno uliuzwa, na nimelitamka kwa makusudi. Miaka mitano baada ya Wajerumani kunyang'anywa makoloni, mababu wa watu bado walikuwa na bei.

Kati ya mafuvu yale ya Berlin, manane yalikuwa na maelezo ya kutosha kudhania familia, na watu wa koo za hapa Kilimanjaro wakakubali kutoa mate yao ili yapimwe vinasaba. Kwa wasiofahamu kipimo hiki, nitaeleza kwa kifupi. Ndani ya jino au mfupa mgumu wa karibu na sikio hubaki chembe za urithi hata baada ya karne nzima. Ziko zinazopita kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume bila kubadilika sana, na ziko zinazotoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote. Ukiwa na mjukuu wa kiume aliye katika mstari wa baba tupu, au mjukuu anayetokana na mama au dada wa marehemu katika mstari wa mama tupu, unaweza kulinganisha. Ukiwa na mjukuu wa mtoto wa kike wa mtoto wa kiume, kazi inakuwa ngumu. Kumbukeni jambo hili, nitalirudia kabla sijakaa.

Mwezi Septemba 2023 ikatangazwa kwamba matatu kati ya manane yamepata ndugu walio hai. Moja lilikuwa limeandikwa neno Akida, na limethibitika kuwa la mshauri wa ngazi ya juu wa Mangi Meli. Tazameni ajabu yake: karani wa Berlin alikuwa na nafasi ya kuandika jina, akaandika cheo. Akida ni wengi. Lakini hata cheo kile kimoja, kilichoandikwa kwa Kiswahili juu ya mfupa wa Mchagga na mkono wa Mjerumani, kilitosha kuwa uzi wa kushika, na mwisho wa uzi ule alikuwapo mtu hai mlimani hapa, mwenye jina la ukoo na shamba la kahawa na ndugu wa kuwapigia simu. Siku ile mtu mmoja alirudi katika ngeli yake.

Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwamo miongoni mwa yaliyolingana. Mjukuu wake alikuwa ameomba na kuandika barua kwa miaka mingi sana, na alitoa mate yake kwa matumaini. Naomba tusiwe wepesi wa kusema amekosa. Kutokupatikana miongoni mwa manane yale huenda maana yake ni kwamba kuna kasha jingine, Berlin au katika mji mwingine, ambalo halijafunguliwa, au kwamba amelala mahali ambapo hakuna aliyemwandikia namba. Utafutaji haujafungwa.

Wapo wanaotuambia kwamba jambo hili lilikwisha kutatuliwa kwa Mkwawa. Nalo linahitaji kusemwa kwa uangalifu. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, nao Wajerumani wakakata kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, katika kifungu cha 246, uliwataka Wajerumani warudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akaonyeshwa mafuvu mengi, na akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai na kwa kutazama tundu la risasi. Mwaka 1954 akamkabidhi Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Vipimo vile vya vichwa vilikuwa vya sayansi ileile iliyovichukua vichwa kwanza. Fuvu liko Kalenga, ndani ya kioo, na kaburi la mwili liko Mlambalasi. Nimesimama mbele ya kioo kile nikiwa na wanafunzi, nikaona haya, na sikujua haya yangu inatoka wapi: Wahehe wenyewe wanalienzi, ni fahari yao, wala si kazi ya mtu wa Pangani kuwafundisha namna ya kumheshimu babu yao. Ila niliona wanafunzi wawili wakitoa simu ili wajipige picha. Nikawaambia wamwamkie kwanza. Walinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili, kisha mmoja wao akasema shikamoo, na simu ikarudi mfukoni.

Mfano unaonigusa zaidi uko kwa jirani zetu wa Kongo. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, na waliomuua wakauyeyusha mwili wake kwa tindikali ili pasiwe na kaburi la watu kwenda kulilia. Ofisa mmoja wa polisi wa Ubelgiji alibaki na jino. Jino hilo, lenye dhahabu, lilikaa kwake miaka na miaka kama kumbukumbu ya safari. Mwezi Juni 2022 Ubelgiji ililikabidhi kwa watoto wake jijini Brussels, likawekwa ndani ya jeneza la ukubwa kamili, likapitishwa katika miji ya Kongo, na tarehe 30 Juni, siku ya uhuru wao, likazikwa Kinshasa. Nchi kubwa kama ile ilifanya msiba wa siku tatu mbele ya jino moja. Hakuna aliyesema jino linazikwa. Walisema Lumumba anazikwa.

Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, mahali walipolala mashujaa waliopata kuwa zaidi ya sitini walionyongwa mwezi Februari 1906 pamoja na Nduna Songea Mbano. Akazungumza na wajukuu wa Songea, ambao nao wanatafuta kichwa, akasema anaona aibu kwa yaliyotendwa, akaomba msamaha, na akaahidi kwamba Ujerumani itasaidia kutafuta. Mimi naupokea msamaha ule kuwa ni wa kweli. Lakini kwenu hapa mtu akija kuomba msamaha huja ameshika jani la isale, na aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa, wala aliyekosa hana ruhusa ya kulileta huku bado ameshika alichokichukua. Kwa mila hiyo niliyojifunza kwa wake zenu nilipopanga chumba kwenu, jani moja limeletwa. Mkono wa pili bado umefungwa.

Nimesema ya wenzetu. Sasa niseme yetu, na hapa naomba subira, kwa kuwa ni rahisi kuidai Berlin kuliko kujiandaa Moshi.

Siku makasha yatakapoteremshwa uwanja wa ndege, nani atayapokea? Nimesikia wakubwa wakizungumza kana kwamba jibu ni chumba kwenye makumbusho ya taifa. Napinga, na nitapinga nikiwa na pumzi. Kumtoa mtu kwenye rafu ya Ulaya ukamweka kwenye rafu ya Dar es Salaam ni kumhamishia karani mwingine. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilitungwa kulinda vitu na maeneo, na inafanya kazi hiyo. Lakini watu hawa si vitu. Iliyo karibu na moyo wa jambo hili ni Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, ambayo serikali ikitaka ardhi kwa manufaa ya umma inaelekeza wenye makaburi waarifiwe, marehemu wazikwe upya kwa heshima, na gharama za ndugu zifidiwe, hata zile za kufanya tambiko. Fikirini: Bunge la nchi changa, yenye shida chungu nzima, lilikaa likafikiri kwamba mtu anayehamishwa kwa ajili ya barabara anastahili kuombwa radhi, na kwamba kuomba radhi huko kuna gharama. Kama tunafanya hivyo kwa kaburi linalosogezwa mita mia mbili, mtu aliyesogezwa hadi Ulaya anastahili zaidi. Nashauri wanasheria wetu waanzie hapo.

Halafu kuna wale wasio na jina kabisa. Kati ya watu 202 wa Tanzania, watatu wamepata ndugu. Wengi wa waliosalia wameandikiwa mahali tu, au kabila tu, na huenda wasijulikane kamwe. Hawa ndio wanaonikosesha usingizi, kwa sababu mwenye familia inayopiga kelele atapata wa kumzika hata ikichelewa. Kwa hawa nadhani lifanyike lile ambalo kila kijiji chetu kinalifanya mgeni akifia njiani: anazikwa na waliomkuta. Waliochukuliwa Uchagani wazikwe Uchagani, waliochukuliwa pwani wapelekwe pwani, kaburi la kila mmoja liwe lake, lisiwe shimo la jumla, na juu yake iandikwe namba ile ya Berlin pamoja na jina la mahali. Namba isifutwe. Ni ya aibu, lakini ndiyo uzi pekee uliobaki, na vipimo vya kesho vinaweza kuushika. Shehe aombe, padri na mchungaji waombe, wazee wa mila watambike, na asiwepo wa kubishana kwamba marehemu alikuwa wa dini gani.

Tusijifanye kwamba kumgeuza mtu kuwa kitu ni ugonjwa wa Wajerumani peke yao. Ajali ikitokea barabara ya Arusha, wa kwanza kufika hutoa simu kabla ya kutoa khanga ya kufunika. Picha zinafika kwenye makundi ya WhatsApp kabla mama hajaarifiwa. Mwili usiotambuliwa unakaa mochwari, siku zinapita, halmashauri inauzika, na mara nyingine kinachobaki ni mstari mmoja daftarini. Huko Kenya, baada ya maafa ya Shakahola ya mwaka 2023 ambapo zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, ndugu walisubiri hadi Machi 2024 ndipo wa kwanza wao wakaanza kukabidhiwa watu wao, baada ya vipimo vya vinasaba. Kuchelewa kuliwaumiza. Lakini nasema hivi nikijua nitawaudhi baadhi: ilikuwa afadhali kuchelewa hivyo kuliko kumpa mtu jeneza lenye mtoto wa mwenzake.

Nakumbuka miaka ya tisini nilikwenda na binamu zangu kumchukua baba yetu mkubwa katika mochwari ya hospitali moja ya wilaya. Mhudumu alikuwa mzee mfupi, mwenye buti za mpira. Hakufungua jokofu. Kwanza alitaka jina lote, akataka jina la mama yake marehemu, akalinganisha na kipande cha plasta kilichofungwa mguuni, akarudia kusoma kwa sauti. Sisi tulikuwa na haraka, gari lilikuwa la kukodi, na binamu yangu mmoja akaanza kufoka. Mzee hakujibu. Alipoliridhia jina ndipo akavuta ile meza ya chuma, akainama karibu na sikio la baba mkubwa, akamwambia: "Mzee, amka, watoto wako wamefika." Kisha akatugeukia sisi, kama mwenyeji anayekabidhi mgeni wake. Mtu yule hakuwa na cheti chochote ukutani. Ningempa ufunguo wa makumbusho yote ya Berlin.

Ndiyo sababu leo sikuja kuwaombea fedha wala kuwaombea sahihi za malalamiko. Nilisema kwamba vinasaba vinahitaji mstari ulionyooka, wa baba tupu au wa mama tupu, na mistari hiyo mnaijua ninyi, tena wanaoijua vizuri wana miaka themanini na zaidi. Wazee wa kamati yenu wameandaa daftari. Kila ukoo unaoamini kwamba mtu wake alichukuliwa, awe mangi, akida, mpiganaji au mtu wa kawaida aliyefukuliwa kaburini, uandike humo jina lake, mahali alipoishi, watoto wake wote wa kiume na wa kike, na nani anatokana na nani hadi kumfikia aliye hai leo. Andikeni na majina ya mabibi, nasisitiza, kwa kuwa katika koo nyingi mabibi wameachwa nje ya kumbukumbu, na huenda fuvu linalowasubiri likajulikana kwa njia ya mama. Asiyejua kuandika kijana amwandikie. Asiyekumbuka mwaka aseme ilikuwa kabla au baada ya njaa gani, nzige gani, vita gani.

Daftari liko juu ya meza, karibu na mlango. Kalamu zipo tatu. Tuwapishe wazee watangulie.